Fahali Wakipigana, Nyasi Zinanona: Historia ya Mashine ya Gemu ya Bei Chee

Wadau, wote tunaujua ule msemo wa fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Kwenye historia ya kompyuta za gemu mambo yamekuwa kinyume kabisa. Kila mara makampuni makubwa yalipopigana kweli kweli, aliyeneemeka ni yule jamaa mwenye hela ya kubana. Na kila fahali mmoja alipobaki peke yake zizini, jamaa huyo huyo ndiye aliyelia. Leo tupige stori hiyo, maana ukiielewa, siku ukienda dukani na kibunda chako kidogo hutauziwa mbuzi kwenye gunia.

Wahusika wakuu wa stori hii hawana majina. Ni wanafunzi, mafundi wa mtaani na vijana wa kukesha, waliogundua mbinu moja baada ya nyingine na kuzimwaga bure mtandaoni wakijulikana kwa majina ya utani tu. Hakuna aliyewajengea sanamu, lakini kama umewahi kucheza gemu kwenye mashine ya bei poa, una deni kwao.

Utepe mmoja na dola 149

Mwaka 1998 Intel alikuwa na presha. Kompyuta za chini ya dola 1,000 zilikuwa zinatamba Marekani, na AMD na Cyrix walikuwa wanauza prosesa za bei rahisi. Mwezi Aprili Intel akajibu kwa Celeron ya megahezi 266. Ikawa aibu. Ili kushusha bei, walikuwa wameinyofoa kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayoilisha prosesa, na bila hiyo mashine ilikuwa inajikongoja. Watu wakaicheka.

Agosti mwaka huo huo ikaja Celeron 300A. Safari hii ilikuwa na kache ya KB 128 ndani ya chipu yenyewe, ikienda mwendo ule ule wa prosesa. Pentium II, mashine ya wenye nazo, ilikuwa na KB 512, ila zilikaa nje ya chipu na zilikwenda nusu ya mwendo. Kwa maneno mengine, mtoto wa kambo alikuwa amepewa kidogo lakini kitamu.

Sasa vijana wakaanza kupiga hesabu. Mwendo wa 300A ulitokana na mazabodi kutoa megahezi 66, mara 4.5, unapata 300. Je, ile 66 ikipandishwa iwe 100? Mara 4.5, unapata 450. Wakajaribu, na chipu nyingi zikakubali bila kutoka jasho. Mazabodi kama ABIT BH6 ilikuruhusu kubadilisha mwendo kwenye menyu tu. Zilizogoma zilidanganywa kwa kuziba pini moja ya prosesa, B21, kwa kipande cha utepe.

Celeron 300A ilitoka kwa dola 149. Pentium II ya megahezi 450, iliyotoka mwezi ule ule, ilikuwa zaidi ya dola 600. Kwenye gemu nyingi za wakati ule zilikimbizana bega kwa bega. Hela iliyobaki ilitosha kununua kadi ya 3dfx Voodoo2 na chenji ikarudi.

Kwa nini ilikubali? Hapa ndipo penye siri ya stori nzima. Mara nyingi kiwanda hakina mtambo wa pembeni wa kutengeneza chipu mbovu za watu wa chini. Kinatengeneza chipu za aina moja, kinazipima, halafu kinazibandika majina na bei. Kiwanda kikishazoea kazi, chipu nzuri zinakuwa nyingi kuliko wateja wa bei kubwa. Zile za ziada zinafungwa mwendo au zinazimwa sehemu, kisha zinauzwa kwa jina dogo. Kazi ya jamaa wa hela ya kubana imekuwa kutafuta ni kufuli gani limefungwa vibaya.

Penseli na draiva

Mwaka 2000 vita vikapamba moto. Machi 6 AMD akatangaza prosesa ya kwanza ya kompyuta za nyumbani yenye gigahezi 1, na Intel akafuata siku 2 baadaye. Juni mwaka huo AMD akatoa Duron kwa ajili ya wanyonge. Kufuli la mwendo wake lilikuwa vijidaraja vidogo juu ya chipu, vilivyokatwa kiwandani. Vijana wakagundua kwamba risasi ya penseli inapitisha umeme. Ukichora mstari juu ya kidaraja kilichokatwa, kinaungana, na kufuli limefunguka. Penseli ya shule, wadau!

Mambo yakahamia kwenye kadi za grafiki, zile tunazoziita GPU. Mwaka 2002 kampuni ya ATI ilitoa Radeon 9700 Pro kwa dola 399, ikiwa na njia 8 za kuchora picha. Baadaye ikatoa Radeon 9500 kwa bei ya chini sana, yenye njia 4. Watu walipofungua baadhi ya 9500 wakakuta ubao ni ule ule wa 9700 na chipu ni ile ile, ila njia 4 zimezimwa. Wakarekebisha draiva na zikawaka. Haikuwa uhakika, kwani nyingine zilijaza skrini vibox kama ubao wa drafti, maana njia zile zilikuwa mbovu kweli. Ilikuwa bahati nasibu, lakini tiketi yake ilikuwa rahisi.

Raha kubwa zaidi ilikuja bila penseli wala utepe. Novemba 2006 NVIDIA ilikuwa inauza GeForce 8800 GTX kwa dola 599. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2007, ikatoa 8800 GT ya chini ya dola 250 iliyoikaribia kabisa ile ya 599. Crysis, gemu iliyozitesa mashine za wakati ule, ilitoka mwezi uliofuata. Juni 2008 AMD, ambaye alishainunua ATI, akaingia na Radeon HD 4850 kwa dola 199. NVIDIA alikuwa ndiyo kwanza ametoa GTX 280 kwa dola 649, na ndani ya wiki chache akalazimika kuishusha hadi 499. Hakuna aliyemwonea huruma mchezaji. Waliogopana wao kwa wao, na sisi nyasi tukanona.

Fahali mmoja zizini

Halafu kikaja kiangazi. Januari 2011 Intel akatoa kizazi cha pili cha Core. Prosesa zilikuwa nzuri mno, lakini ule mchezo wa kupandisha mwendo wa mazabodi ulizibwa. Ukitaka kuongeza mwendo, nunua zenye herufi K, na K ilikuwa na bei yake. Oktoba mwaka huo AMD akaleta Bulldozer, ikawaangusha mashabiki wake kwenye gemu. Fahali mmoja akawa amelala chali.

Matokeo yake unayaona kwa namba. Core i7-2600K ya 2011 ilikuwa na viini 4. Core i7-7700K ya Januari 2017 ilikuwa na viini 4. Miaka 6, na mkuu wa familia hajaongeza hata kiini kimoja. Angeongeza kwa kumwogopa nani?

Katikati ya ukame huo, mwaka 2014, Intel akatoa zawadi: Pentium G3258, dola 72 tu na kufuli limefunguliwa. Kila mtu akakumbuka enzi za 300A. Lakini prosesa hii ilikuwa na viini 2 tu, na Novemba mwaka huo Far Cry 4 ilipotoka ilikataa kabisa kuwaka kwenye prosesa za namna hiyo. Ukaongeza mwendo, sawa, lakini mlango umefungwa. Mbinu ya jana iliwauma wengi walioinunua bila kuangalia gemu zinaelekea wapi.

Machi 2017 fahali wa pili akasimama tena. Ryzen ya AMD ilifika, na mwezi uliofuata Ryzen 5 1600 ikaleta viini 6 kwa dola 219. Oktoba mwaka huo huo Intel akatoa Core i5-8400 yenye viini 6 kwa dola 182. Miaka 6 ya usingizi iliisha ndani ya miezi 7.

Wageni shambani

Ila safari hii nyasi zilikuwa zimepata walaji wengine. Mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa 2018, kisha tena kuanzia mwishoni mwa 2020, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizoa kadi za grafiki madukani kama kumbikumbi. Kadi iliyotangazwa kwa dola 329 uliikuta kwa bei mara mbili, kama uliikuta. Nafuu ilikuja Septemba 2022, pale Ethereum ilipoacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi hizo. Na sasa vituo vya data vya akili bandia ndivyo vinavyokula chipu, na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mnyonge wa leo anakimbilia wapi? Ofisini. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inazikataa rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Makampuni Ulaya na Marekani yanatupa mashine nzima nzima, na nyingine ndizo hizi tunazoziona madukani kwetu zikiitwa mtumba au "ex-UK". Kiini cha mbinu hakijabadilika tangu 1998: kutafuta kitu chenye nguvu ambacho mwenye hela ameshakidharau.

Lakini historia inatuachia tahadhari zake.

Kwanza, powasaplai. Mashine nyingi za ofisi zina ya wati 240 hivi, na plagi zake si za kawaida, huwezi kubadilisha kirahisi. Hapo chagua kadi inayokula umeme wa kwenye sloti tu, wati 75 kushuka chini, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 zisizo na plagi ya ziada. RX 580, hata ukipewa bure, itakuzimia mashine. Na kama kasha ni lile jembamba, pima kadi kabla hujalipa.

Pili, RX 6400 inatumia njia 4 tu za sloti. Kwenye mashine ya zamani inapungua nguvu, hivyo usidanganyike na mwaka wake wa kutengenezwa.

Tatu, usirudie la G3258. Mashine ya viini 4 ndiyo mwanzo, na ya kizazi cha 8 yenye viini 6 ukiipata, shika. RAM weka vipande viwili badala ya kimoja, prosesa inapumua vizuri zaidi.

Nne, hii muhimu sana. Zamani tulifurahia kadi ya bei ndogo iliyokuwa na nguvu ya kadi kubwa. Leo matapeli wamegeuza mchezo: wanachukua kadi za kale kama GTX 550 Ti, wanazibadilishia programu ya ndani, zinajitambulisha kama GTX 1050 Ti. Ingia dukani na programu ya GPU-Z kwenye flashi, iendeshe palepale kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa, jibu umeshalipata.

Tano, usimpende fahali yeyote. Shabiki wa rangi moja anaiambia kampuni yake kwamba haihitaji kushusha bei. Wale vijana wa utepe na penseli hawakuwa na timu. Mwaka 1998 walinunua Intel, 2000 wakanunua AMD, 2007 wakanunua NVIDIA, na kila mara walihamia palipokuwa na dili. Uhamaji wao ndio uliowaogopesha wakubwa, na hofu hiyo ndiyo iliyoleta bei tulizozifurahia.

Sasa zamu yenu, wadau. Mashine yako ya kwanza ya gemu ilikuwa na nini ndani, na ulibana wapi ili uipate? Dondosha komenti hapo chini, na kama una mashine ya ofisi uliyoigeuza, taja kadi uliyoweka na gemu inazozibeba. Kuna mtu ana laki chache mfukoni anasoma hapa na bado hajaamua.