Nahodha wa Pwani Ugenini Karagwe: Hewa, Upepo na Maji ya Kagera

Nahodha wa Unguja huisoma bahari kwa mwezi na upepo. Mwezi humwambia lini ni bamvua na lini ni maji mafu; upepo humwambia kama ni msimu wa kaskazi au wa kusi. Mpandishe nahodha huyo hadi Karagwe, kisha umshushe Kyerwa, pale mto Kagera unapoitenga Tanzania na Rwanda na Uganda, na nusu ya elimu yake itakosa kazi. Huku maji hayajai wala hayapwi kwa saa.

Jambo hilo lilitokea kweli. Mwaka 1876 msafiri Henry Morton Stanley alifika Karagwe na wapagazi wengi waliotoka Unguja na Pwani, wakiwa wamebeba mabegani mashua Lady Alice iliyoundwa Uingereza kwa vipande. Mwaka mmoja kabla Stanley na baadhi yao walikuwa wamelizunguka Ziwa Victoria kwa mashua hiyo. Mwezi Machi waliiunga tena na kuiteremsha katika ziwa dogo karibu na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, ziwa ambalo msafiri Mwingereza John Hanning Speke alikuwa amelibandika jina la Windermere, kana kwamba lilikuwa halina jina. Rumanyika aliandaa mashindano ya mitumbwi, kisha mashua ikaingia Kagera. Vitabu vya wasafiri humsifu mwenye mashua. Mimi naona sifa ya kwanza ni ya mwenye nchi: bila idhini ya Rumanyika na wapiga kasia wake, hakuna kipimo chochote ambacho kingechukuliwa katika maji yale.

Na vipimo vilikuwa vimeshaanza kabla ya Stanley. Speke na mwenzake James Grant waliingia Karagwe Novemba 1861. Mguu wa Grant uliota kidonda kibaya, akabaki kwa Rumanyika hadi Aprili 1862 huku Speke akitangulia Buganda. Mgandamizo wa hewa, ambao kwa baharia wa Ulaya ulikuwa kiashiria cha dhoruba, kwa wasafiri hawa ulikuwa hasa njia ya kujua kimo cha nchi. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, na maji nayo huchemka kwa joto dogo zaidi: kila mita 300 hivi hupunguza takriban nyuzi 1 ya Selsiasi. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye Ziwa Victoria, mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 96 na kidogo. Kwenye vilima vya Karagwe, pungufu ya hapo. Sufuria, moto na kipimajoto vilitosha.

Vilitosha, lakini kwa bahati. Mwaka 1858 Speke, akiwa na kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuogea, alikadiria Ziwa Victoria kuwa na kimo cha futi 3,740, akakosea kidogo tu. Safari hiyohiyo alilipa Ziwa Tanganyika kimo cha chini kuliko ukweli kwa zaidi ya mita 200, na kosa hilo likachochea ubishi kuhusu chanzo cha Nile.

Ramani za hali ya hewa zilikuja baadaye, pamoja na idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1929. Ramani za namna hiyo zilizaliwa Ulaya, ambako mistari ya mgandamizo ikibanana, upepo mkali u njiani. Karagwe na Kyerwa ziko nyuzi moja hadi mbili tu kusini mwa Ikweta. Hapa mzunguko wa dunia hauupindi upepo kwa nguvu, na mistari hiyo hukaa mbalimbali. Tena baromita hupanda na kushuka mara mbili kila siku: hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Mgeni akiona sindano imeshuka alasiri, akaanza kufunga tanga, atachekwa.

Kinachotawala ni Ziwa Victoria lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto na upepo hutoka ziwani. Usiku hugeuka, pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, na radi huanza. Pepo za mashariki husukuma mawingu ya radi magharibi. Ndiyo maana Bukoba, ufukweni mwa ziwa, hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na Karagwe, nyuma ya vilima, hupata takriban nusu yake. Wahaya walimpa Mugasha, bwana wa ziwa, mamlaka juu ya tufani, na mvuvi aliyemhofu usiku alikuwa na sababu.

Kagera yenyewe haina haraka ya kujibu mvua. Masika huanza Machi, lakini vinamasi na maziwa madogo ya mpakani hunyonya maji na kuyaachia polepole, hivyo mto hujaa zaidi mwishoni mwa msimu, Mei hivi. Speke alipouvuka Januari 1862 aliukuta umezama kama mfereji mkubwa, wenye kina ambacho pondo halikufika chini.

Somo kubwa la maji lilikuja na mvua za 1961. Hadi 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, na mwaka 1967 ukaanza mradi wa kimataifa wa kupima mvua na mito ya bonde lote, Kagera ikiwamo. Idara ile ya pamoja ya hali ya hewa ilivunjika na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi ya ziwa kwa Kiswahili, na anayeshuka kutoka Kayanga wilayani Karagwe kwenda kupanda chombo Bukoba hana sababu ya kutousikiliza. Kilichobaki ni kumbukumbu za zamani za mvua na kina cha mto: halmashauri za Karagwe na Kyerwa zizikusanye, zinakiliwe, na ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifungua.