Picha Zinazokwenda na Macho ya Watazamaji: Mafunzo ya Vugiri na Same

Mtu asimamapo Hedaru, chini ya milima ya Upare ya Kusini, huiona milima ya Usambara ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Reli itokayo Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, hupita chini ya milima hiyo yote, ikiunganisha Korogwe na Same. Juu ya Korogwe, mahali paitwapo Vugiri, ndipo ilipoanzishwa mwaka 1935 kazi ya kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Makusudi ya makala haya ni kuitazama kazi hiyo na yaliyoifuata. Kwani kosa la kuwapimia watu fahamu ya macho yao ni ndugu wa kosa lililotendeka Same miaka michache baadaye, katika kuwapimia mali yao.

Kwanza yafaa kukumbuka jambo lililotangulia. Mwaka 1929 mtaalamu wa elimu ya viumbe, Julian Huxley, alizunguka Afrika ya Mashariki na filamu tatu, akazionyesha kwa wanafunzi ili kujua wanaelewa nini. Moja ilieleza maisha ya mmea, na ndani yake ukuaji wa siku nyingi uliharakishwa hata ukaonekana kwa dakika chache. Hiyo si picha nyepesi. Ni ufundi wa kuugeuza wakati wenyewe kuwa mchoro unaokwenda. Hata hivyo Huxley aliona kwamba wanafunzi walielewa vema, akaarifu hivyo.

Kazi ya Vugiri iliongozwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitumia filamu nyembamba za milimita 16, na sauti ilitoka katika sahani za santuri, ili maelezo yaweze kubadilishwa kwa lugha mbalimbali. Filamu moja ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja afukia mshahara wake akaibiwa, mwenzake aweka benki akasalimika. Wenyeji waliigiza, wengine wakasaidia katika kazi ya kusafisha filamu. Mwaka 1937 kazi ilikoma, kwa kuwa serikali za makoloni hazikukubali kuigharimia.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda idara ya sinema za makoloni chini ya William Sellers, naye alishika imani nyingine: kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kufuata picha za haraka wala hila za kamera. Basi picha ziende polepole, na kila tendo lionyeshwe hatua kwa hatua. Ilirudiwa mara nyingi hadithi ya watu walioonyeshwa mbu aliyekuzwa, wakajibu kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Waliosimulia hawakujiuliza kama jibu hilo halikuwa mzaha wa watu wenye akili timamu.

Mpare angaliweza kuwajibu kwa ndiva yake. Ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mfereji. Hujazwa usiku, hufunguliwa asubuhi, na kila mwenye shamba hupata zamu yake. Mtu apangaye zamu hizo huona akilini mwake maji yakienda, yakigawanyika na yakikoma, kabla tone moja halijatoka. Huyo hakosi akili ya kufuata mfululizo wa picha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ilileta Upare kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, nayo ikaitwa mbiru. Watu hawakukataa kulipa kodi, walikataa kukadiriwa. Mwaka 1945 maelfu walishuka Same, makao ya wilaya, wakakaa huko wakidai kusikilizwa, na wanawake nao waliandamana. Hatimaye mbiru iliachwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alieleza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1971. Sisemi kwamba sinema ilileta mbiru. Nasema tu kwamba katika mambo yote mawili mpimaji alikuwa mmoja, na aliyepimwa hakuulizwa.

Njia nyingine ipo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, aliacha mtindo wa wanyama wenye rangi kali. Mwaka 2010 mtindo huo ulitiwa mwendo katika katuni za *Tinga Tinga Tales*, zilizochorwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza. Hapo watu wa mbali walijifunza kusoma picha kwa jicho la Afrika ya Mashariki, wala hapakuwa na haja ya kuipunguza kasi.

Basi kijana wa Same ajifunzaye leo kuchora picha zinazokwenda asiidharau milima iliyo nyuma yake. Akitaka kueleza mgawo wa maji, na aende kwanza kwenye ndiva, akae na wazee wapangao zamu, awaulize wanaona nini. Mchoro utakaotoka hapo utakuwa umeanza mahali ambapo wale wa zamani walipaswa kuanza.