Simba wa Tsavo na Hesabu ya Waliokufa

Fungueni karatasi zenu. Asomaye kwa kufuata kidole asione haya, tutakwenda polepole.

Watu wengi hupenda sinema ya mpelelezi anayemwandama mwuaji, na mwuaji mwenyewe ameua mtu baada ya mtu. Leo tutazungumza habari za sinema ya namna hiyo, ila mwuaji wake hakuwa mwanadamu. Ilitolewa Marekani mwaka 1996, nayo yahusu simba wawili wa Tsavo. Tsavo si mbali nasi: mbuga yake imepakana na Mkomazi yetu, nyuma ya milima ya Upare na Usambara.

Basi kweli yenyewe ni hii. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, wakati wa Wadachi. Mwaka 1896 Waingereza wakaanza reli yao kutoka Mombasa kwenda Uganda, wakaleta maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi. Machi 1898 akafika Tsavo Bwana John Henry Patterson, kujenga daraja la mto. Mara vibarua wakaanza kupotea usiku. Simba alikuwa akiingia hemani, akimshika mtu na kumburuta gizani, na wenzake wakisikia.

Wakazungushia kambi maboma ya miiba, simba wakapenya. Patterson akaunda mtego wa mataruma na vyuma vya reli, akaweka askari wenye bunduki chumba cha ndani, wawe chambo. Simba akaingia kweli, mlango ukajifunga. Askari wakapiga risasi ovyo, hata moja ikavunja chuma, simba akatoka. Mimi siwacheki. Aliyekaa hatua chache na simba usiku ndiye ajuaye.

Desemba mosi vibarua wakalala juu ya reli, garimoshi likasimama, wakalipanda na mizigo yao wakarudi pwani. Kazi ikalala wiki tatu.

Usiku wa tarehe 9 Desemba Patterson alikaa juu ya dungu la miti minne, kama madungu yetu ya kulindia mpunga. Chini paliwekwa mzoga wa punda. Simba akauacha mzoga, akamnyemelea mwenye dungu, akamzunguka kadiri ya saa mbili. Hapo bundi akatua kichwani pa Patterson, akidhani ni tawi, naye nusura aanguke! Mwishowe alifyatua bunduki, simba akafa. Wa pili alikufa tarehe 29.

Sinema imeongeza mwindaji Mmarekani, hakuwako. Tena simba wa sinema wana manyoya marefu shingoni, na wale wa kweli hawakuwa nayo. Hayo ni madogo. Kubwa ni hesabu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1907, Patterson asema waliuawa Wahindi 28, na Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Lisomeni tena neno hilo: haikuwekwa. Baadaye yeye huyo huyo alisema jumla ni 135. Ngozi alizitandika nyumbani miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Chicago kwa dola 5,000, na huko simba wale wamesimamishwa kama wazima.

Wataalamu wa huko ndio wapelelezi wenyewe, kwa maoni yangu. Chakula cha mnyama huacha alama katika mifupa na nywele zake. Walizipima, na mwaka 2009 wakakisia kwamba waliliwa watu kama 35. Wakaona pia kwamba simba mmoja alikuwa na jino bovu, lenye usaha. Mwenye jino kama hilo hawezi pundamilia kwa urahisi. Mtu ni laini. Tena miaka ile sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe na nyati, na njaa ilikuwa kali.

Lakini mfupa hausemi jina la aliyeliwa, wala kabila lake, wala mjane aliyemwacha.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni 28, kisha 35, kisha 135. Chini yake andikeni kwa maneno yenu ni nani aliyehesabiwa, na ni nani hakuhesabiwa. Na kama nyumbani kwenu limesalia jina la babu aliyekwenda kazi ya reli asirudi, liandikeni kwa herufi kubwa, mje nalo darasani Jumatatu.