Sanduku la Mjomba: Nani Anautunza Muziki wa Pwani ya Kusini?

Leo kuna kompyuta na Linux kama kawaida yetu, lakini mnivumilie tuanzie mbali kidogo, maana kifaa nilichokiunda hapa Msambweni hakieleweki vizuri bila historia yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba wangu ana sanduku la bati lenye kaseti 112. Nimezihesabu mwenyewe. Baadhi ni za dukani, taarabu za Mombasa. Zilizobaki, na ndizo nyingi, zilirekodiwa harusini: Gazi, Vanga, Kinango na hapa hapa Msambweni, mtu kaweka redio kaseti juu ya kiti akabonyeza kitufe. Humo mna sengenya, nzumari inalia, upatu unagongwa, ngoma zinajibu. Duka la kuziuza hizo halipo. Mwaka jana alitia moja, ikalia kama mtu anayeimba chini ya maji, kisha redio ikala kanda. Mjomba akaichomoa polepole, akanitazama. "Mwanangu, hii imekufa. Na wewe si ndiwe fundi wa kompyuta?"

Nikasema naam, mjomba. Sikujua najitia wapi.

Sahani zilizovuka bahari

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya HMV. Tafakari safari hiyo: sauti ya Unguja inapanda meli, inafika India, halafu inarudi kwetu ikiwa sahani ya santuri, na mwenye sauti anauziwa kama mteja mwingine yeyote.

Baadaye mambo yalisogea karibu. Mombasa kulikuwa na Assanand & Sons, waliotoa sahani kwa jina la Mzuri. Miaka ya 1960 na 1970 ikawa enzi ya kina Zuhura Swaleh, Juma Bhalo, Zein l'Abdin, na Matano Juma na kundi lake la Morning Star Orchestra. Lakini mtu wa Kwale bado alikuwa mnunuzi tu. Alivuka feri ya Likoni, akanunua, akarudi na sahani yake kwapani. Rekodi ya asili ilibaki kwa kampuni. Kampuni ikifunga mlango, rekodi ndiyo basi.

Kitufe chekundu

Kaseti ililetwa na Philips mwaka 1963. Wengi tunaikumbuka kwa udogo na bei yake, lakini jambo kubwa lilikuwa kile kitufe chekundu cha kurekodi. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuichukua sauti ya kijiji chake bila kumwomba mtu ruhusa. Mombasa, maduka kama Mbwana Radio Service yalijulikana kwa kaseti za taarabu. Huku kusini mwa feri, kila harusi ilikuwa na kijana wake wa redio.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Them Mushrooms, bendi ya hapa hapa Pwani, walivuma na wimbo wa Jambo Bwana. Wageni wa mahoteli waliupenda mno, na mwaka 1983 Boney M. wakatoa toleo lao huko Ulaya. Wimbo huo hauwezi kupotea tena, dunia nzima ina nakala. Sasa ondoka ufuoni Diani, uingie ndani kidogo tu, mahali ambapo usiku ule ule sengenya ilichezwa mpaka alfajiri. Nakala yake ni moja. Imo kwenye sanduku la mjomba, na unyevu wa bahari unaila.

Taarabu iliponea kiasi, tena kwa mkono wa wageni. Mwaka 1990 kampuni ya Globestyle ya London ilitoa albamu ya Zein, Mtindo wa Mombasa. Mwaka 2005 Buda Musique ya Paris ikaanza mfululizo wa Zanzibara, na toleo la pili likawa la taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini angalia mkondo wa mambo: Bombay, London, Paris. Tumezoea kuinunua sauti yetu kutoka mbali.

Je, intaneti haikutatua? Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, na leo nyimbo milioni kadhaa zipo kwenye simu yako. Ila kampuni za kutiririsha muziki huweka kile walicholetewa na mwenye hati. Nani atawapelekea harusi ya Gazi? Na bando likiisha, muziki nao umekwisha.

Kompyuta ya bodi moja

Hapa ndipo Linux inapoingia. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Mwaka 2003 ikaja programu iitwayo MPD, isiyo na dirisha wala madoido: inakaa kimya ndani ya kompyuta, inacheza muziki, na wewe unaiamrisha kutoka kifaa kingine. Halafu tarehe 29 Februari 2012 Raspberry Pi ikaanza kuuzwa: kompyuta kamili kwenye bodi moja ya ukubwa wa kitambulisho, kwa dola 35, RAM yake megabaiti 256. Kwa kazi ya muziki, hiyo inatosha na kubaki.

Kwa nini nasisitiza programu huria? Chukua mfano wa Squeezebox. Kampuni ya Slim Devices ya Marekani ilianza kuuza vichezeo vya muziki vya mtandaoni mwaka 2001, Logitech wakainunua mwaka 2006, na mwaka 2012 wakaacha kuvitengeneza. Mwaka 2024 wakazima na tovuti iliyovihudumia. Kwa kawaida hapo vifaa hugeuka taka. Lakini programu ya seva yake ilikuwa huria, watumiaji wakaishika wenyewe, na leo inaishi kwa jina la Lyrion Music Server. Kampuni iliondoka, muziki ukabaki. Kwa watu ambao rekodi zao zimekuwa zikizikwa pamoja na kampuni tangu enzi za santuri, hilo si jambo dogo.

Basi nikaanza. Raspberry Pi 3 ya mtumba, redio kaseti ya mjomba, na kadi ya sauti ya USB, maana Raspberry Pi haina tundu la kuingizia sauti. Hakikisha kadi yako ina tundu la laini. Lile la maikrofoni litakuharibia sauti. Amri yenyewe ni fupi:

arecord -D plughw:1,0 -f cd kaseti01.wav

Hakuna njia ya mkato. Kaseti ya dakika 60 hurekodiwa kwa dakika 60. Kaseti 112, mbili kila jioni, ni jioni 56. Saa moja ya WAV ni kama megabaiti 635. Ukiigeuza kuwa FLAC, inayobana bila kupoteza chochote, inashuka hadi karibu nusu. Sanduku zima la mjomba linaingia kwenye gigabaiti 40 hivi.

Sasa niungame kosa. Faili za mwanzo nilizihifadhi kwenye kadi ya memori ile ile yenye mfumo. Jioni ya tano umeme ukakatika katikati ya kurekodi, na kadi ikaharibika. Kaseti tisa zikaenda. Nane nilizirudia. Ya tisa utepe ulikatika mara ya pili, na vipande vingine vilikuwa vimeshaoza. Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ile ya Vanga?" Ilikuwa ile ya Vanga.

Tangu hapo muziki unakaa kwenye diski ya nje, kompyuta ina betri ya akiba, na kila Ijumaa nakala ya pili inakwenda Ukunda kwa dada yangu. Sikiliza ushauri wa aliyeungua: anza na nakala ya pili kabla ya kaseti ya kwanza.

Majina

Seva ilipokamilika, mjomba akafungua simu yake, bila bando, kwa waifai ya nyumbani tu, na nzumari ikalia sebuleni. Nilidhani kazi imekwisha. Kwenye skrini palikuwa pameandikwa: msanii hajulikani.

Tagi za MP3 zilianza mwaka 1996, zikiwa na nafasi ya herufi 30 kwa jina la msanii na 30 kwa albamu. Zilibuniwa kwa muziki wa dukani. Harusi haina albamu. FLAC ni karimu zaidi, unabuni sehemu unazotaka:

metaflac --set-tag="MAHALI=Gazi" harusi07.flac

Kwa hiyo tukaanza upya. Yeye anasikiliza, mimi naandika: nani anapuliza nzumari, nani anaongoza wimbo, ni harusi ya nani, mwaka gani. Anawatambua kwa kikohozi tu. Lakini kuna kaseti moja alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Huyu mpigaji simjui. Aliyemjua alikuwa kaka yangu." Kaka yake tulimzika mwaka juzi.

Bodi utaipata wiki yoyote, na Linux ni bure. Lakini mtu wa kukutajia majina hauzwi dukani. Kama kwenu kuna sanduku kama hili, usingoje kununua vifaa. Chukua daftari, nenda ukakae naye Jumamosi hii.

Haya, mimi nimebakisha kaseti 31. Tukutane tena.