TCEC

TCEC ni mashindano ya programu za sataranji yanayorushwa mubashara kwenye intaneti. Yalianzishwa mwaka 2010 na Martin Thoresen wa Norwei; baadaye yakaendeshwa na tovuti ya sataranji ya Chessdom. Programu hupanda na kushuka madaraja kama timu za ligi, kisha mbili bora hukutana katika fainali kuu ya michezo 100.

Michezo yote huendeshwa kwenye mitambo ya waandaaji, si ya watunzi wa programu. Hata hivyo, tangu ziingie programu za mitandao ya neva zinazotegemea kadi za michoro, usawa wa mitambo umezua ubishi, na si bila sababu.

Tatizo sugu ni sare. Miamba wawili wakiachwa waanze watakavyo, mchezo baada ya mchezo huisha bila mshindi. Ndiyo maana waandaaji huwapangia hatua za mwanzo, aghalabu zinazoupendelea upande mmoja, na kila ufunguzi huchezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi. Anayeshinda kwa nyeupe, kisha akaponea sare kwa nyeusi, ametangulia kwa pointi moja. Kwa utaratibu huo, katika fainali ya msimu wa 15, mwaka 2019, programu ya Leela Chess Zero iliishinda ile ya Stockfish kwa pointi 53.5 dhidi ya 46.5.