Foleni ya Kompyuta: Kutoka Dakika 15 za IBM 701 hadi Gridi ya CERN

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa General Motors nchini Marekani aliyetaka kutumia kompyuta ya IBM 701 alipangiwa zamu ya dakika 15. Alifika na kadi zake, akafunga tepu, akaweka swichi sawa. George Ryckman, aliyefanya kazi hapo, alieleza baadaye kwamba maandalizi hayo yalikula kama dakika 10. Hesabu yenyewe ilibakiwa na dakika tano au pungufu, kisha mwenzake anabisha hodi.

Mwaka 1956, General Motors na North American Aviation waliandika programu ya kompyuta ya IBM 704 iliyosoma kazi moja baada ya nyingine kutoka kwenye tepu. Mtu akaondoka mbele ya mashine, kazi yake ikapanga foleni badala yake.

Hapo ulianza mvutano ambao haujaisha. Mashine ya gharama kubwa haifai kukaa bure, na mtu naye hafai kusubiri bila mwisho. Wanafunzi wa kompyuta husimuliwa kisa kisichothibitishwa cha IBM 7094 ya chuo cha MIT: ilipozimwa mwaka 1973, ilikutwa kazi ya kipaumbele cha chini iliyowekwa mwaka 1967, bado inangoja zamu. Ili kuepuka hali kama hiyo, mifumo mingi huipandisha kazi daraja kadiri inavyokaa foleni.

Mwaka 1988 ulileta majibu mawili. Katika Chuo Kikuu cha Sydney, Judy Kay na Piers Lauder walieleza mgao wa haki: aliyetumia mashine sana siku za karibuni hushushwa, na matumizi yake ya zamani hufifia kadiri siku zinavyopita. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Miron Livny na wenzake walitambulisha Condor, programu iliyotafuta kompyuta za mezani zisizotumika na kuzipa kazi za wengine. Mwenye kompyuta akirudi na kugusa kibodi, kazi ya mgeni ilihifadhiwa ilipofika na kuendelezwa kwenye mashine nyingine. Kwangu mimi huu ni ustaarabu: mgeni anakaribishwa, lakini mwenye nyumba hasumbuliwi. Programu hiyo bado inatumika, sasa kwa jina la HTCondor.

Maabara ya Argonne, mwaka 1995, ilishughulikia tatizo jingine. Kazi kubwa inayohitaji mashine nyingi kwa pamoja husubiri mpaka zote ziachiwe, na wakati huo zilizokwisha kuachiwa zinakaa bure. David Lifka akaruhusu kazi ndogo zipite mbele, ilimradi zisiicheleweshe ile kubwa iliyo ya kwanza. Ni kama kwenye mashine ya kusaga nafaka: mwenye debe moja husagiwa wakati mwenye magunia kumi anaendelea kushusha mzigo. Ili hilo liwezekane, kila mtu hutaja muda ambao kazi yake itachukua, na akiupitisha, kazi hukatizwa.

Kisha ikaja gridi ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, inayounganisha vituo takriban 170 katika nchi zaidi ya 40 kuchambua data za LHC, mtambo wake wa kugonganisha chembe. Huko ilisumbua sana kasoro inayoitwa shimo jeusi. Chukulia seva moja ambayo diski yake imejaa. Kazi ikifika, inafeli ndani ya sekunde chache. Seva inaonekana iko huru, inapewa nyingine, nayo inafeli. Mashine moja mbovu inaweza kumeza foleni nzima usiku mmoja, huku seva zisizo na hitilafu zikiendelea taratibu na kazi za saa nyingi.

Dawa ilikuwa kugeuza utaratibu. Inatangulia programu ndogo iitwayo rubani, inakagua diski, kumbukumbu na programu zilizopo, na ikiridhika ndipo inaomba kazi halisi kutoka foleni kuu. Mashine mbovu ikabaki na rubani aliyefeli tu, na kazi ya mwanasayansi ikabaki salama. Majaribio yote manne makubwa ya LHC yalifuata njia hiyo.

Ujanja wote huu unategemea taarifa za mtumiaji. Msomaji unayetumia kompyuta ya pamoja chuoni au kazini, taja muda na kumbukumbu unayohitaji kweli, na ifute kazi usiyoihitaji tena. Anayejiwekea saa 48 kwa kazi ya saa mbili huwa hapati upenyo ule wa Argonne, naye ndiye wa kwanza kulalamika kwamba foleni haisogei.