Kichaa cha Mbwa Serengeti: Utafiti Uliogeuka Kuwa Chanjo

Wilaya za Serengeti na Tarime mkoani Mara ni makao ya Wakurya, mahali ambapo kilimo na ufugaji hushikana katika kila mji na ambapo hifadhi ya taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, haiko mbali na malisho ya ng'ombe. Katika maboma ya eneo hili mbwa ni mlinzi. Hubweka fisi anapolisogelea zizi, huwafuata wachungaji machungani, na huwaamsha wenye mji wezi wa mifugo wanapokuja usiku. Karibu kila mbwa ana mwenyewe, ana jina na ana kazi, ingawa mchana kutwa huzurura bila kamba. Jambo hili dogo, kwamba mbwa wengi wana wenyewe, ndilo lililokuja kuamua historia ya mapambano dhidi ya kichaa cha mbwa katika wilaya hizi, kwa sababu mbwa mwenye mwenyewe anaweza kuletwa kuchanjwa.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kirusi kinachosafiri kwa mate ya mnyama mgonjwa, hupenya katika jeraha la kung'atwa na kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo; dalili zikishajitokeza kwa binadamu, mgonjwa karibu hana matumaini ya kupona. Chanjo yake ni ya zamani sana, maana Louis Pasteur aliitumia kwa mtoto Joseph Meister huko Ufaransa mwezi wa Julai 1885. Hivyo basi tatizo la Mara halikuwa kukosekana kwa elimu ya tiba. Elimu ilikuwapo kwa zaidi ya karne moja, na watu waliendelea kufa, wengi wao watoto, na wengi wao nyumbani, ambako hapakuwa na daftari la kuandika kilichowaua.

Msukumo wa utafiti haukuanzia hospitalini. Ulianzia porini. Mwaka 1990 kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mbwa mwitu wa Serengeti, na kufikia mwaka 1991 makundi yao yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yalikuwa yametoweka. Mwaka 1994 ukafuata mlipuko wa distempa, ugonjwa wa mbwa unaosababishwa na kirusi jamaa wa kile cha surua, ambao uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Macho ya wanasayansi yakageukia vijiji vilivyoizunguka hifadhi na mbwa wao. Ulimwengu ulikuwa tayari kutoa fedha kwa ajili ya simba kabla haujawa tayari kutoa fedha kwa ajili ya mtoto wa Kikurya aliyeng'atwa akichunga mbuzi. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini ni kweli pia kwamba kupitia mlango huo madaktari wa mifugo waliingia vijijini, na walipofika huko waliyaona majeraha ya watu.

Miongoni mwao alikuwa Sarah Cleaveland, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, aliyefanya kazi na wenzake wa Tanzania, akiwemo Magai Kaare. Kuanzia Oktoba 1996 hadi Februari 2001 zilifanyika kampeni nne za kuchanja mbwa katika wilaya ya Serengeti. Utaratibu ulikuwa wa kituo cha pamoja: siku ilitangazwa kijijini, wenye mbwa wakawaleta mahali palipokubaliwa, na mbwa wakachomwa sindano bila malipo. Kazi kubwa ya siku hiyo ilikuwa mikononi mwa wanakijiji wenyewe, kwa kuwa mgeni hawezi kumshika mbwa wa Kikurya, na kwa sehemu kubwa waliowaburuta mbwa kwa kamba kutoka nyumbani walikuwa watoto.

Kilichoitofautisha kampeni hii na nyingine nyingi zilizopita barani Afrika ni kwamba tathmini, yaani kupima kama kazi imeleta matokeo yaliyokusudiwa, ilipangwa kabla sindano ya kwanza haijachomwa. Baada ya kila kampeni idadi ya mbwa wote ilikadiriwa ili ijulikane ni sehemu gani iliyochanjwa, na majibu yakawa asilimia 64.5, kisha 61.1, kisha 70.6, na mwishowe 73.7. Zaidi ya hapo, vijiji vya wilaya jirani ya Musoma ambavyo havikuwa na kampeni vilifuatiliwa kama eneo la kulinganishia, yaani mahali panapoonyesha nini kingetokea kama hakuna kilichofanyika. Bila eneo la namna hiyo mtu yeyote angeweza kudai kwamba ugonjwa ulipungua wenyewe. Matokeo hayakuacha nafasi ya ubishi. Visa vya kichaa kwa mbwa wilayani Serengeti vilishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ile ya pili, wakati upande wa Musoma hapakuwa na mabadiliko ya maana. Watu waliong'atwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa walipungua pia Serengeti, na hawakupungua katika wilaya jirani zisizochanja. Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 2003, na tangu wakati huo hoja ya zamani kwamba kichaa cha mbwa hakiwezi kudhibitiwa katika vijiji vya Afrika haikuwa tena na pa kusimama.

Kulikuwa bado na swali la ukubwa wa janga. Takwimu rasmi za Tanzania zilionyesha wastani wa vifo visivyozidi 11 kwa mwaka nchini kote, na waziri yeyote mwenye bajeti finyu angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini atoe fedha kwa ajili ya ugonjwa unaoua watu 11. Mwaka 2002 Cleaveland na wenzake walikadiria vifo kwa njia nyingine, wakianzia kwenye idadi ya watu waliong'atwa, uwezekano kwamba mbwa aliyehusika alikuwa na kichaa, na sehemu ya mwili iliyojeruhiwa, kwa kuwa jeraha la kichwani ni hatari kuliko la mguuni. Wakapata makadirio ya vifo 1,499 kwa mwaka, zaidi ya mara 100 ya vile vilivyoripotiwa. Tofauti hiyo ilitokana na umbali wa hospitali, na ukweli kwamba mgonjwa ambaye hakuna tiba ya kumwokoa hurudishwa nyumbani akafie kwa ndugu zake.

Kuanzia mwaka 2002 watafiti, Katie Hampson akiwa mmoja wa viongozi wao, walianza kazi ya subira ya kufuatilia mnyororo wa maambukizi: kuanzia kwa mtu aliyefika kituo cha afya na jeraha, kwenda kwa mwenye mbwa, kisha kwenye mji ambako mbwa huyo aling'atwa, na kuendelea hivyo boma kwa boma hadi mwaka 2016. Takwimu hizo zisingepatikana kama wenye miji wangefunga midomo, na kwa hiyo mwanakijiji aliyekumbuka siku mbwa wa jirani alipopotea ana haki ya kuhesabiwa kuwa mshiriki wa utafiti. Ilibainika kwamba, katika idadi ya mbwa wapatao 50,000, kichaa hakikuwahi kuzidi asilimia 0.15 kwa wakati mmoja, na kwamba mbwa mgonjwa huambukiza kwa wastani wenzake wasiofika wawili. Ugonjwa wa namna hiyo unashindika. Ilihesabiwa kuwa inatosha kinga katika kundi isishuke chini ya kiwango kilicho kati ya asilimia 20 na 45. Lakini kwa kuwa mbwa wa vijijini hufa mapema na watoto wao huzaliwa kila msimu bila kinga, kampeni ya kila mwaka haina budi kufikia asilimia 70 ili kiwango hicho kisivunjwe kabla ya kampeni inayofuata.

Tathmini ilifichua mapungufu pia, na hapo ndipo thamani yake inapoonekana. Uchunguzi wa Kaare na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kituo cha pamoja kinawafaa wakulima wafugaji wanaoishi karibu karibu kama wa Serengeti, lakini hakiwatoshi wafugaji waliotawanyika, ambao huhitaji kufuatwa hadi kwenye maboma. Kuhusu distempa, uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuchanja mbwa hakukutosha kuwakinga simba, maana kirusi hicho kina wanyama wengi wa kukihifadhi. Kichaa ni tofauti, kwa kuwa katika Serengeti mbwa wa nyumbani peke yake ndiye anayekidumisha.

Pungufu kubwa kuliko yote lilikuwa muda. Timu inayofika na gari na barafu ya kupozea chanjo siku moja kwa mwaka huwaacha nje watoto wa mbwa waliozaliwa wiki iliyofuata. Mwaka 2016 mtafiti Felix Lankester na wenzake walithibitisha kwamba aina moja ya chanjo inayotumika haipotezi nguvu ikikaa miezi 6 katika nyuzijoto 25 au miezi 3 katika nyuzijoto 30. Kutokana na ugunduzi huo, Ahmed Lugelo na watafiti wengine wametumia vyungu vya kupozea visivyohitaji umeme, ili chanjo ikae kijijini kwenyewe na kutolewa mwaka mzima na watu wa hapo hapo. Mkoa wa Mara umekuwa uwanja wa kulinganisha njia hiyo na ile ya timu ya kila mwaka, na ubia wa kazi hiyo unaunganisha vyuo na taasisi za Tanzania, Uingereza na Marekani.

Tanzania inao pia mfano wa kisiwa cha Pemba, ambako kichaa kilitokomezwa mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016 baada ya kuletwa upya, kisha kikatokomezwa tena mwaka 2018. Kampeni zikilegea, mbwa mmoja aliyeletwa kutoka nje anatosha kuurudisha ugonjwa. Ushahidi wa Serengeti sasa una zaidi ya miaka 20, na hakuna jaribio jipya linalohitajika ili kujua kwamba chanjo ya mbwa huokoa watu. Kinachohitajika ni fungu la kudumu katika bajeti za halmashauri, lisilotegemea mradi wa nje kumalizika au kuanza. Na kwa anayeng'atwa leo, hatua ya kwanza ni ile ile: kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.